MFICHA MARADHI: MAJIBU YA MASWALI YENU KUHUSU VIRUSI VYA UKIMWI



Mwezi uliopita sisi walimu wa kujitolea tuliweka sanduku la maswali nje ya darasa. Lilikuwa boksi la sabuni tu, tukalitoboa tundu juu na kuandika ubavuni: "Uliza lolote kuhusu UKIMWI. Usiandike jina." Wanafunzi waliandika, na wazazi nao walipita jioni wakaacha vikaratasi vyao.

Tulipovipanga mezani tuliona jambo moja. Waliouliza ugonjwa unaingiaje walikuwa wachache. Wengi waliuliza: nikipima nani atajua? Mume wangu atanifanya nini? Dosie yangu itafungwa? Watoto wangu watachekwa kwenye foleni ya posho? Ndiyo kusema watu wengi wanaujua ugonjwa, lakini wanaogopa kujulikana.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Zamani mtu alikuwa na sababu ya kuficha, maana hata akijulikana dawa ilikuwa hamna. Leo dawa ipo, na inatolewa bure. Kwa hiyo leo anayeficha anajinyima dawa. Hiyo ndiyo habari tunayotaka ifike kila nyumba mwezi huu. Tumechagua maswali tisa, tumewauliza wauguzi na wahudumu wa afya, na haya ndiyo majibu.

1. "VIH, SIDA, VVU, UKIMWI: ni magonjwa mangapi?"

Ni jambo moja kwa lugha mbili. Sisi tuliotoka Kongo na Burundi tulizoea kusikia VIH na SIDA kwa Kifaransa. Hapa Tanzania wanasema VVU na UKIMWI. VVU (ndiyo VIH) ni virusi vyenyewe. UKIMWI (ndiyo SIDA) ni hali ya baadaye, pale virusi vimekwisha kumaliza askari wa mwili na kila ugonjwa unapita bila kuzuiwa: kifua kikuu, utando mweupe mdomoni, homa ya uti wa mgongo.

Kati ya kuingia kwa virusi na kuugua sana inaweza kupita miaka 8 au 10 kwa mtu asiyetumia dawa. Katika miaka hiyo yote mtu anabeba maji, analima bustani, anacheza mpira, amenenepa vizuri. Basi mtu akikuambia "huyu mbona mzima kabisa," mjibu kwamba macho hayapimi damu.

Wazee watakumbuka mwaka 1987 Franco alipotoa wimbo "Attention na Sida." Virusi vilikuwa vimegunduliwa mwaka 1983 kule Paris, lakini tiba hapakuwa. Tiba ya kuchanganya dawa ilianza mwaka 1996, ikachelewa kufika Afrika. Mwaka 2004 walikufa watu kama milioni 2.1 duniani kwa ugonjwa huu. Mwaka 2024 walikufa kama 630,000. Bado ni wengi mno. Lakini angalieni tofauti hiyo: imeletwa hasa na watu kupima na kumeza dawa.

2. "Je, mbu analeta SIDA? Na choo cha jirani?"

Hapana. Mbu anatuletea malaria, na hiyo inamtosha. Virusi vya UKIMWI haviwezi kuishi wala kuzaana ndani ya mbu, vinasagwa tumboni mwake. Na tena mbu akikuuma hakutemei damu ya mtu aliyemuuma kabla yako, anakutemea mate yake.

Virusi vinapita njia tatu tu. Njia ya kwanza ni ngono bila kinga na mtu mwenye virusi. Ya pili ni damu: sindano iliyotumika na mwingine, wembe wa kuchanjia au wa kutahiria uliopita kwa watu wengi, damu ya kuongezewa isiyopimwa. Ya tatu ni mama kwenda kwa mtoto wakati wa mimba, wakati wa kuzaa au wakati wa kunyonyesha.

Kula sahani moja, kushika mkono, kukaa dawati moja, kuchota maji bomba moja, nguo za mitumba, kikohozi, jasho, machozi, choo: humo mote hakuna virusi vinavyopita. Mzazi anayemkataza mtoto wake kucheza na mtoto wa jirani hamkingi na kitu chochote, anamfundisha ubaya tu.

Kwa wale wanaokwenda kuchanjwa kwa mganga: kila mtu na wembe wake mpya, ufunguliwe mbele ya macho yako. Kama hauna, rudi nyumbani.

3. "Nilipima, wakasema sina. Nimemaliza?"

Bado kidogo. Kipimo cha haraka cha tone la damu kinatafuta alama ambazo mwili unazitengeneza baada ya virusi kuingia. Alama hizo zinachukua wiki kadhaa kutokea. Kwa hiyo aliyejiweka hatarini wiki jana akapima leo, anaweza kuambiwa hana kumbe anavyo. Arudi tena baada ya miezi mitatu, na katikati hapo atumie kinga. Siku hizo za mwanzo virusi ni vingi sana mwilini, na mtu anaambukiza kwa urahisi bila kujua.

Tena majibu ya mume sio majibu ya mke. Kuna baba aliyeandika kwamba bibi yake alipimwa kliniki, hana kitu, basi na yeye yuko salama. Hapana, baba. Kila mtu ana damu yake.

4. "Kama mama iko na virusi, mutoto ataponea wapi?"

Swali hili lilikuja mara nyingi kupita yote, na jibu lake linafurahisha. Mama mwenye virusi anaweza kuzaa mtoto asiye na virusi. Bila dawa yoyote, katika watoto 100 wa akina mama hao, kati ya 15 na 45 wataambukizwa. Mama akitumia dawa vizuri, wanashuka chini ya 5. Mama aliyeanza dawa mapema na virusi vyake vikadhibitiwa kabisa, hatari yake ni ndogo zaidi.

Mambo yenyewe yanakwenda hivi. Mama ahudhurie kliniki mapema, asisubiri mimba kuwa kubwa. Apimwe, na baba aende naye. Akikutwa navyo aanze dawa, na aendelee maisha yake yote, hata baada ya kuzaa. Ajifungulie hospitali, sio nyumbani. Mtoto atapewa dawa ya maji ya kumkinga, na akifika wiki 4 hadi 6 atachukuliwa damu kidogo kuangalia. Atapimwa tena baadaye, mpaka kunyonya kutakapokwisha na jibu la mwisho kujulikana. Akina mama wengi wanapotea hapo katikati. Mtoto amenenepa, mama anaona hamna haja ya kurudi. Jamani, rudini!

Kuhusu kunyonyesha: miezi 6 ya kwanza maziwa ya mama peke yake. Maji hapana, uji hapana, mizizi ya bibi hapana. Tunajua bibi zetu wanaona huruma, eti mtoto ana kiu. Lakini vitu vingine vinaweza kukwaruza utumbo wake mchanga na kuwafungulia virusi njia. Baada ya miezi 6 aanze chakula na aendelee kunyonya, mama akiwa anameza dawa kila siku.

Na mama aliyepimwa mwanzo wa mimba akaonekana hana, apime tena kabla ya kuzaa. Akiambukizwa akiwa na mimba au ananyonyesha, hapo hatari kwa mtoto inakuwa kubwa sana.

Mama mmoja wa kijiji chetu ametukubalia tuseme habari zake bila jina. Alipoambiwa ana virusi alikuwa na mimba ya miezi minne. Dawa alipewa, lakini mume hakumwambia. Chupa ya vidonge ikitikiswa inalia, basi alivitoa akavifunga kwenye kitambaa na kuvificha ndani ya kopo la chumvi. Mama mkwe alipokuja kulala kwao wiki nzima, hakuweza kulifikia lile kopo, na siku nne zikapita bila dawa. Muuguzi aliona kwenye karatasi tarehe haziendi, akamwuliza taratibu. Hakumgombeza. Alimwomba aje na mume, na mshauri akawapima wote wawili wakiwa pamoja. Mume alikutwa hana virusi. Alinyamaza siku mbili, halafu akawa yeye ndiye anayemkumbusha saa ya kumeza. Mtoto wao yuko darasa la kwanza mwaka huu. Hana virusi.

Hatusemi kila mume atafanya hivyo. Wapo wanaopiga na wanaofukuza. Mama anayeogopa kupigwa asiambiwe tu "nenda kamwambie." Amweleze kwanza muuguzi au mshauri, wao watasaidia kutafuta njia na wakati.

5. "Kama bwana iko na virusi na bibi hana, wanaweza kukaa pamoja?"

Wanaweza, na wapo wengi. Anayemeza dawa kila siku, baada ya miezi kadhaa (mara nyingi 6) virusi vyake vinapungua mpaka kipimo cha wingi wa virusi hakivioni. Akiwa hivyo, na akaendelea na dawa, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Huu sio uvumi. Uchunguzi mmoja mkubwa wa Ulaya uliotangazwa mwaka 2016 ulifuata wapenzi 888, wawili wawili, mmoja ana virusi na anatumia dawa, mwingine hana, na hawakutumia kondomu. Hakupatikana hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzake huyo.

Lakini sharti ni kipimo. Usijiambie "nimeanza dawa mwezi jana, nimeshapona." Hujapona, virusi vimelala. Ukiacha dawa vinaamka. Mpaka hapo majibu ya kipimo yatoke, tumieni kondomu. Kondomu pia inazuia kaswende, kisonono na mimba usiyoitaka.

6. "Tohara inakinga?"

Inapunguza, haizuii. Majaribio ya Kenya, Uganda na Afrika Kusini yaliyomalizika kati ya 2005 na 2007 yalionyesha kwamba mwanaume aliyetahiriwa hatari yake ya kuambukizwa na mwanamke inapungua kama asilimia 60. Asilimia 40 bado ipo. Vijana wengi tuliotoka Fizi na Uvira tulitahiriwa utotoni, na hayo hayajawahi kuwa ruhusa ya kutembea ovyo. Kuwa na mpenzi mmoja mliyepima pamoja, kungoja, kondomu: yote haya yanabaki palepale. Kuna pia vidonge vya kumeza kabla, kwa mtu asiye na virusi aliye kwenye hatari kubwa. Ulizeni kliniki kama vinapatikana.

7. "Mtu akibakwa afanye nini?"

Aliyeuliza hili alikunja karatasi mara nyingi sana. Tunajua njia ya kuni, na tunajua dada zetu na mama zetu wanapita wapi. Sikilizeni vizuri: kuna dawa ya kuzuia virusi visishike, lakini ina saa zake. Inatakiwa ianzwe ndani ya saa 72, yaani siku tatu, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Inamezwa siku 28.

Kwa hiyo hospitali kwanza, siku hiyohiyo, hata usiku. Kama inawezekana asioge na asibadili nguo kabla ya kuonwa, au azibebe nguo zile. Lakini hata kama ameoga, aende. Mambo ya polisi, ya wazee wa kijiji na ya familia mbili kukaa kuelewana yasimcheleweshe kupata dawa. Atapewa pia dawa ya kuzuia mimba na magonjwa mengine. Na kama ni mtoto, wa kike au wa kiume, ni vilevile. Mzazi akisema "tufiche, ni aibu ya nyumba," anazila zile saa 72 za mwanawe.

8. "Wanasema ukikutwa na SIDA dosie yako ya Amerika inafungwa. Ni kweli?"

Tumesikia watu waliokataa kupima miaka mitano kwa ajili ya neno hili. Tueleze polepole.

Ilikuwepo sheria hiyo. Tangu mwaka 1987 Marekani iliwazuia wageni wenye virusi vya UKIMWI, na mkimbizi alihitaji kibali cha pekee. Sheria hiyo ilifutwa. Tangu tarehe 4 Januari 2010 kipimo cha VVU hakimo tena katika vipimo vya afya vya kuhamia Marekani. Mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa mwezi Januari 2025, na watu waliokuwa wameshapewa tarehe ya safari wakabaki. Hilo lilikuwa jambo la siasa za kule, halikuangalia damu ya mtu. Kanada wao wanapima, lakini kwa sheria yao ya mwaka 2002 mkimbizi anayepelekwa kuishi kule hakataliwi kwa sababu ya gharama za matibabu yake.

Sasa pimeni wenyewe. Safari inaweza kuja au isije, hakuna ajuaye siku. Mwili wako unao leo. Aliyekaa bila dawa akisubiri ndege anaweza kuitwa wakati hawezi tena kutembea.

Na nani atajua majibu? Wewe na aliyekupima, na wale wanaokutibu. Sheria ya UKIMWI ya Tanzania ya mwaka 2008 inalazimisha majibu yawe siri, na mtumishi anayeyatoa nje bila ruhusa yako anavunja sheria. Siri ikitoka, una haki ya kulalamika kwa mkubwa wake au kwenye ofisi ya ulinzi. Tangu mwaka 2019 kijana wa miaka 15 anaweza kukubali kupimwa mwenyewe.

9. "Tukirudi nyumbani dawa itakuwaje? Na wanaosema maombi yanatosha?"

Anayejiandikisha kurudi Kongo au Burundi, au anayehamia kambi nyingine, apite kliniki kabla ya siku ya basi. Aombe karatasi ya uhamisho inayoonyesha dawa anazotumia na tarehe alizoanza, na apewe dawa za kumfikisha. Karatasi iwekwe mfuko mmoja na kadi ya familia, sio kwenye mizigo ya juu ya gari. Akifika tu aulize kituo cha afya kinachotoa dawa za VIH. Asingoje mpaka chupa iishe.

Tangu mwanzo wa 2025 misaada ya nje imepungua na maneno yamekuwa mengi, eti dawa zimekwisha. Usisikilize foleni ya bomba, nenda ukaulize kliniki. Usigawane vidonge na mwenzako, wala usimeze siku moja na kuruka nyingine ili vifike mbali. Hivyo virusi vinazoea dawa, na siku dawa ipo haitakusaidia.

Kuhusu maombi: sisi wenyewe tunasali, na tunawaombea wagonjwa. Muombee mgonjwa na umpe maji ya kumezea kidonge chake. Lakini mtu yeyote, awe wa kanisa, wa msikiti au wa mizizi, akikuambia tupa dawa umepona, usitupe. Nenda ukapime kwanza.

YA KUFANYA MWEZI HUU

Baba na mama: pangeni siku moja mwende kupima pamoja. Siku isiyo ya posho, foleni ni fupi.

Mwenye mimba: kama hujaanza kliniki, anza wiki hii.

Anayemeza dawa: chagua saa moja ambayo haibadiliki, na mtu mmoja unayemwamini akukumbushe. Ukikohoa zaidi ya wiki mbili, ukitoka jasho usiku au ukikonda, sema, maana kifua kikuu ndicho kinachoua wengi wenye virusi.

Mwenye mtoto aliyezaliwa na virusi: mmoja wenu aliandika, "Mutoto wangu anauliza kwa nini yeye peke yake anameza dawa, nimuambie nini?" Usimdanganye kwamba ni za malaria. Mwambie kidogo kidogo kwa umri wake: kwanza kwamba dawa zinalinda askari wa mwili wake, na akikua, jina la ugonjwa. Ni afadhali alisikie kwako kuliko kwa watoto wenzake. Wauguzi watakusaidia kupanga maneno.

Sisi walimu: darasani kwetu hakuna mtoto atakayeitwa jina la ugonjwa. Atakayefanya hivyo tutakaa naye na mzazi wake.

Sanduku bado liko nje ya darasa, na tundu lake liko wazi mchana na usiku. Vikaratasi vingi vimeuliza habari za kifua kikuu, hayo tutayajibu mwezi ujao. Endeleeni kuandika.